Andika Mzima

Siku waliyojaza fomu ya bima ya safari, dukani kulikuwa na foleni ya watu sita.

Lilikuwa duka la kutoa nakala, jembamba kama korido, na aliyelisimamia alikuwa mtoto wa pili wa nyumba yao, kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye mtaa mzima ulimwita Karani kwa sababu hakuna fomu iliyowahi kumshinda. Fomu za mikopo, za vyeti, za hati za kusafiria: mtu anakaa kwenye kiti cha plastiki, Karani anauliza, mtu anajibu, vidole vinakimbia. Aliyekaa kwenye kiti siku ile alikuwa mama yake mzazi. Alikuja moja kwa moja kutoka jikoni mwa shule ya msingi alikopika miaka kumi na mitano, kilemba bado kichwani, nguo zikinuka moshi na vitunguu. Ubalozi ulikuwa umesema bila bima hakuna viza. Binti yake wa kwanza, Dada, alikuwa ng'ambo mwaka wa saba sasa, akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Nauli alishaituma, na mjukuu wa miaka minne alishaambiwa kuwa bibi anakuja kukaa naye wiki sita, likizo nzima ya shule.

"Swali la saba," Karani akasoma, kwa sauti ileile aliyozoea kuwasomea watu wote. "Umewahi kuugua, au unatumia dawa za ugonjwa wowote kati ya haya: moyo, presha, sukari, pumu, kifafa, saratani…"

Mama akageuza shingo kidogo. Nyuma yake alisimama jirani wa nyumba ya tatu, Mama Redio, ambaye hakupewa jina hilo kwa kupenda muziki. Nyuma ya Mama Redio alikuwepo mwalimu wa darasa la nne wa shule ileile, ameshika mitihani ya kutolewa nakala.

"Andika mzima," Mama akasema.

"Hakuna pa kuandika mzima, Mama. Ni ndiyo au hapana."

"Basi hapana. Kwani hunioni?"

Watu wakacheka. "Mtu anayenyanyua sufuria la watoto mia nne," Mama Redio akasema, "huo ugonjwa utampatia wapi? Labda umvizie amelala." Mama naye akacheka, tena kuwashinda wote. Karani akabonyeza hapana, hapana, hapana mpaka mwisho wa ukurasa, akatoa karatasi, akaonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Mama akatia sahihi polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki.

"Mwingine," Karani akaita.

*

Siku ya thelathini na moja ya safari, saa nne asubuhi, simu ya Karani ikaita katikati ya kazi. Alikuwa Dada.

"Mama ameanguka ngazini," Dada akasema. Alikuwa akihema kama aliyekimbia. "Tuko hospitali. Nyonga imevunjika. Wanataka kumpasua leo."

"Ameteleza?"

"Hakuteleza. Nilikuwa nyuma yake nimembeba mtoto. Alisimama ghafla, nikamwita, haitiki. Mara mikono ikakakamaa, akaanza kutetemeka, akaenda chini ngazi nzima. Povu mdomoni. Daktari ananiuliza ana kifafa tangu lini."

"Kifafa? Mama yetu?" Karani alikaribia kucheka. "Mwambie amechanganya mafaili."

"Nimemwambia. Ananiangalia tu."

"Sikiliza, Dada, usilie. Bima ipo. Niliikata mimi mwenyewe, inalipa mpaka kitanda, mpaka ndege ya kumrudisha. Bima si ndiyo kazi yake hii? Nipe jina la hospitali."

Alipiga simu kampuni ya bima mbele ya wateja, na kusema kweli alijisikia mkubwa kidogo. Namba ya bima aliisoma bila kukwama. Msichana wa upande wa pili akasema poleni sana, akampa namba nyingine ya kufuatilia, akamwambia watawasiliana na hospitali moja kwa moja. Karani akaziandika namba zote mbili kwenye kiganja, akafunga duka, akaenda kumtafuta baba yake.

Baba alikuwa fundi wa kufuli. Meza yake ilikuwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, ina mwavuli, jiriwa ya kubania vyuma, mashine ndogo ya kuchonga funguo na ubao uliotundikwa funguo mia mbili zisizofungua kitu. Alikuwa ameinamia ufunguo, anausugua kwa tupa. Karani akamweleza yote kwa pumzi moja: ngazi, nyonga, upasuaji, bima. Akamalizia na lile la daktari.

"Eti kifafa! Hebu fikiria, Baba. Mtu anaanguka ngazini, wao wanatafuta majina."

Baba hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua jino moja la ufunguo, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka jino likaisha kabisa. Mwenye ufunguo, aliyekuwa amesimama hapohapo, akaguna. Baba akautazama ufunguo kana kwamba umeharibiwa na mtu mwingine.

"Njoo kesho, bwana," akamwambia yule mteja. "Nitakuchongea mwingine bure." Kisha akamgeukia mwanawe. "Nisaidie kufunga mwavuli. Twende nyumbani."

Nyumbani Baba hakuketi. Alisimama ameegemea kabati la vyombo, kofia mkononi.

"Daktari hajakosea," akasema. "Mama yako anacho. Mwaka wa kumi na moja huu."

Karani akavuta kiti, akakaa.

"Mara ya kwanza ulikuwa shuleni, na dada yako alikuwa bweni. Alianguka hapo ulipokaa. Baadaye mara mbili tena, kisha akaanza dawa. Tangu alipozizoea, miaka tisa, hajaanguka. Hata mimi nilikuwa naanza kusahau."

"Na mkanificha."

"Tulimficha kila mtu. Wewe ulikuwa mtoto, na mtoto hana kufuli mdomoni. Fikiria mwenyewe, mwanangu: mpishi wa shule, moto huku, maji yanachemka kule, halafu watu wajue anaanguka. Nani angemwacha hata siku moja? Na ile ndiyo kazi iliyokulipia ada."

"Lakini mimi nilimuuliza!" Sauti ilimtoka Karani juu kuliko alivyotaka. "Nilimsomea swali. Nilitaja kifafa kwa jina. Angesema tu ndiyo, wangeongeza bei kidogo, basi."

"Ulimuulizia wapi?"

"Dukani."

"Mbele ya nani?"



*

Upasuaji ulikwenda vizuri. Dada alitia sahihi karatasi za hospitali kama mdhamini kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kutia, na kwa sababu mdogo wake alimwambia bima ipo.

Siku nne baadaye kampuni ikapiga simu. Safari hii hakuwa yule msichana. Alikuwa mwanamume wa makamo, afisa wa madai, mpole, anayemalizia kila sentensi kwa "kama hutojali". Alisema hospitali imewatumia taarifa. Alisema kwenye mkoba wa mgonjwa kumekutwa vidonge na kadi ya zahanati. Sasa wanahitaji barua kutoka kwenye zahanati hiyo, inayoeleza mgonjwa alianza matibabu lini, kama hutojali.

Asubuhi yake Karani alitoka chumbani na karatasi iliyochapwa tayari. *Tunathibitisha kuwa mgonjwa tajwa alianza matibabu mwezi uliopita.* Mwezi uliopita maana yake baada ya fomu na kabla ya safari. Chini aliacha nafasi ya jina, sahihi na muhuri.

Baba aliisoma mara mbili.

"Hii ni kughushi."

"Ni barua, Baba. Haijawa kitu mpaka ipigwe muhuri."

"Na mtu wa muhuri tutamwambia nini?"

"Tutamwomba. Kuomba si kuiba."

Baba, ambaye kwa miaka thelathini alikataa kuchonga ufunguo kwa mtu aliyeleta alama ya ufunguo kwenye kipande cha sabuni, aliikunja ile karatasi vizuri, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Zahanati ilikuwa upande wa pili wa mji. Mama aliichagua kwa umbali wake. Walikaa kwenye benchi la saruji pamoja na wenye vikohozi na watoto wachanga mpaka saa sita, wakaitwa. Sista, muuguzi wa pale, alikuwa mwanamke mnene, miwani imefungwa kamba shingoni, na alipotajiwa jina la mgonjwa uso wote ulimchangamka.

"Mama Jikoni! Nyinyi ndio watu wake? Anaendeleaje? Maana nimesikia jana tu, nikasema, Mungu wangu, huyu tena!"

"Umesikia kwa nani, Sista?" Karani akauliza.

"Kwa kampuni. Alinipigia bwana mmoja, mstaarabu kweli. Akaniuliza, huyu mama anatumia dawa vizuri? Nikamwambia, ndugu yangu, ningekuwa na wagonjwa kumi kama yule ningelala usingizi. Miaka kumi na moja! Hajakosa tarehe hata moja, mvua inyeshe jua liwake. Nikaona nimsemee vizuri, wasije wakadhani ni mtu wa kudharau dawa, wakamnyima haki yake." Akavuta daftari kubwa lenye jalada lililobanduka, akalifungua. "Wakaniomba nakala, nikawatumia leo asubuhi. Nimempigia mstari kila tarehe. Tazameni wenyewe."

Wakatazama. Kurasa na kurasa, mistari myekundu, imenyooka, imepigwa kwa rula.

Mkono wa Baba ulikuwa umeshaingia ndani ya koti. Ukabaki humo. Sista akawatazama mmoja baada ya mwingine, na polepole ule uchangamfu ukamtoka usoni.

"Nimefanya kosa?"

"Hapana, Sista," Baba akasema. "Umesema kweli."

"Kwani hakuwaambia kwenye bima?"

Sista akavua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Alikuja hapa kabla ya kusafiri," akasema kwa sauti ya chini. "Akataka dawa za wiki sita. Sisi tunatoa za mwezi. Nikamwambia aniletee karatasi yoyote ya safari, hata nakala ya tiketi, nimwombee kwa daktari. Akasema ataleta. Hakurudi." Akafunga daftari. "Nikadhani ameahirisha."

Nje, Karani akaomba ile karatasi. Baba akampa. Akaichana vipande vidogo vidogo, na kwa kuwa hapakuwa na pipa, akavishika mkononi njia nzima mpaka nyumbani.

*

Mama aliruhusiwa kuzungumza kwa simu siku ya nane baada ya upasuaji. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama inatoka chini ya blanketi.

"Nilizigawa nusu nusu," akamwambia mumewe. "Nikasema, nusu asubuhi, nusu kesho yake, zitafika mpaka siku ya kurudi. Kumbe."

"Kwa nini hukumwambia binti yetu akakununulia nyingine?"

"Huku huuziwi dawa kama pipi, mume wangu. Mpaka daktari aandike. Na daktari angeniuliza, na binti yako angekuwa ndiye mkalimani. Ningemwambiaje? Nimekuja kumtembelea baada ya miaka saba, nimwambie nimekuletea kifafa?"

Baba akaihamishia simu sikio la pili.

"Karani yuko hapo? Mwambie asijisumbue. Yeye aliuliza vizuri tu." Kisha, baada ya kukohoa: "Nani mwingine anajua huko?"

"Hakuna."

"Mama Redio?"

"Hajui."

"Basi Mungu mkubwa," Mama akasema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Barua ya kampuni ilifika kwa barua pepe wiki ile ile. Karani aliitoa kwenye mashine ya dukani, ukurasa mmoja tu. Kwa masikitiko, kampuni haitaweza kulipa gharama za hospitali wala za kumrudisha mgonjwa nyumbani, kwa kuwa swali la saba lilijibiwa *hapana*. Nakala ya fomu iliambatanishwa. Sahihi ya Mama ilikuwa pale chini, herufi moja moja.

Hesabu ya hospitali aliyoileta Dada ilikuwa sawa na mshahara wake wa miaka mitatu, kama angeacha kula na kupanga nyumba. Baba akaenda kuuliza bei ya mashine yake ya kuchonga funguo. Mnunuzi akaizunguka, akaiwasha, akaizima, akataja bei. Baba akampigia binti yake kumwuliza kitanda cha hospitali ni kiasi gani kwa siku. Akahesabu kwa vidole. Mashine ilikuwa siku moja na nusu.

"Usiiuze, Baba," Dada akasema. "Utabaki huna kazi, na huku hakuna kitakachobadilika. Wamesema nitalipa kidogo kidogo. Kesho wanamtoa, nitamleta kwangu."

"Kwako si ghorofa ya nne?"

"Ya nne."

"Lifti?"

"Hakuna. Watu wa gari la wagonjwa watampandisha na kiti. Kushuka ndiyo sijui. Daktari anasema asipande ndege miezi mitatu, na viza inaisha mwisho wa mwezi. Nimeanza kuomba waiongeze. Kuna fomu."

Aliposema fomu, Karani, aliyekuwa akisikiliza, aliinuka akaenda kusimama mlangoni.

*

Ni yule afisa mpole aliyewapa wazo la mwisho. Karani alikuwa akimpigia kila siku saa tatu, mpaka wakawa wanajuliana hali.

"Kijana," afisa akasema siku moja, bila ile kama-hutojali yake, "mimi siamui. Lakini kuna kamati ya rufaa. Mkipata barua ya mwajiri wake, kwamba miaka yote hiyo amefanya kazi na hajawahi kuanguka, kwamba ugonjwa ulikuwa umetulia, pengine wataona hakukusudia kudanganya. Nasema pengine."

Baba alimuuliza mkewe. Alidhani ni haki yake kuulizwa.

"Shuleni hapana," Mama akasema. Sasa alikuwa kwa Dada, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na dirisha, mjukuu akimchorea vitu kwenye karatasi. "Popote nendeni, shuleni hapana. Mguu nitauuguza, deni tutalipa hata miaka kumi. Mkienda shuleni mmenimaliza."

"Lakini wakikubali, Mama Watoto, deni lote linafutika. Na wanakurudisha kwa ndege, umelala."

"Nimesema hapana."

Siku mbili Baba hakuchonga hata ufunguo mmoja. Siku ya tatu Dada alituma ujumbe: ameongeza zamu ya pili hotelini, na mchana Mama anabaki peke yake na mtoto. Jana alitaka kwenda msalani, mtoto akawa anamvuta mkono, hawakufika. Ujumbe uliishia hapo.

"Tunakwenda," Baba akasema.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake kwa urefu. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Baba aliongea akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Alijikuta akimweleza hata yasiyohitajika: kwamba mkewe huamka saa kumi na moja ameze kidonge kwanza, kwamba hajawahi kuteremsha sufuria bila mtu wa kumshikia upande wa pili, kwamba alikuwa mwangalifu kwa kuwa alijua.

"Miaka kumi na mitano," Mwalimu Mkuu akasema. "Wanangu wote wawili wamekula kwenye mikono yake." Akavuta karatasi yenye nembo ya shule, akaandika barua hapohapo kwa mkono wake, nusu ukurasa, maneno mazuri. *Hajawahi kuanguka kazini hata siku moja.* Akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke.

Lakini hakuitoa mara moja. Aliiweka mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Mzee wangu, mnajua kwamba sasa najua."

"Tunajua, Mwalimu."

"Na nikijua, siwezi tena kutojua. Kesho kutwa mtoto akiungua, hata kama si kwa sababu yake, wataniuliza ulijua? Itabidi nipeleke kwenye kamati ya wazazi."

"Angalau asubiriwe arudi," Karani akasema. "Ajitetee mwenyewe."

"Nitaliomba hilo," Mwalimu Mkuu akasema, na aliliomba kweli.

Kamati ilikaa Jumamosi, kwenye darasa la nne, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mzazi mmoja aliuliza kama ugonjwa huo huambukiza kwa chakula. Kabla Mwalimu Mkuu hajajibu, Mama Redio alisimama huko nyuma. "Umekula chakula chake kila sherehe ya shule," akamwambia, "hebu tuonyeshe ulipoanguka." Darasa likaangua kicheko, na aliyeuliza akainamisha uso. Mama Redio alikaa chini kwa hasira. Lakini ulipofika wakati wa kunyoosha mikono kwa wanaotaka aachishwe kazi, moto ni moto na watoto ni watoto. Watu walinyoosha mikono bila kutazamana, na yeye mwenyewe, mwenye wajukuu wawili pale shuleni, aliuinua wake, akaushusha, akauinua tena.

Jumatatu kamati ya rufaa nayo ikajibu. Mistari mitatu. Barua ya mwajiri imepokelewa na kuzingatiwa. Barua hiyo inaonyesha kuwa mwombaji aliujua ugonjwa wake na aliudhibiti kwa miaka mingi, jambo linalothibitisha kwamba jibu la swali la saba halikuwa la bahati mbaya. Uamuzi unabaki pale pale.

Karani alimpigia yule afisa. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa na sauti nyingine, ya msichana, ikamwambia poleni sana, faili limefungwa.

*

Ijumaa Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe kwenye meza ya kufuli, hakumtuma mtu. Alileta bahasha ya mshahara wa mwezi wa mwisho, ameongezea kitu kidogo mfukoni mwake, na mfuko wa plastiki: aproni mbili zilizofuliwa na kupigwa pasi, kisu chenye mpini uliozungushiwa kitambaa, na viatu vya mpira vya jikoni. Alisimama kidogo akitazama funguo ubaoni, kisha akaaga.

Jumapili alasiri Dada akapiga simu kama kawaida. Karani akaiweka juu ya meza ya nyumbani, sauti ikisikika kwa wote.

Mama alikuwa amechangamka. Viza ilikuwa imeongezwa miezi mitatu. Ametembea kutoka kitandani mpaka dirishani na fimbo, hatua kumi na moja, mjukuu akimhesabia. Kule chini kuna mti, alisema, na mtu anayeuza magazeti, na mbwa mmoja ambaye hawezi hata kubweka, mbwa gani yule. Alisimulia, akacheka, kisha akauliza:

"Shule zimefungua?"

"Zimefungua," Baba akasema.

"Jikoni yuko nani?"

"Wamemshikiza yule msaidizi wako."

"Yule!" Mama akasonya. "Mkono wa chumvi hana. Na mlango wa stoo ameshaujua? Ukiusukuma haufunguki, unauinua kwanza. Mwambie Mwalimu Mkuu amwonyeshe." Kisha akauliza: "Umemwona Mwalimu Mkuu?"

"Nimemwona."

"Anasemaje? Maana nimechelewa, na hamkumwambia chochote zaidi ya kuteleza, si ndiyo? Ananisubiri?"

Mfuko wa plastiki ulikuwa kwenye kiti, viatu vya mpira vimechomoza juu. Baba aliutazama, kisha akautazama ukuta.

"Anakusubiri," akasema.

"Kweli, Baba Watoto?"

"Kweli. Anasema upone kwanza."

Kwenye simu ikasikika pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Angalau hilo limebaki," Mama akasema. "Mguu utapona, deni litaisha. Kazi ikishaondoka, kwa umri wangu, naipata wapi? Ndiyo maana niliwaambia shuleni msiende. Mnaona sasa? Siku nyingine mnisikilize." Akacheka tena. "Hebu mpe Karani nimsalimie."

Baba akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya meza, ameishika kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka bila sauti. Kijana akatikisa kichwa.

"Ametoka," Baba akasema.

"Jumapili? Kwenda wapi?"

"Dukani. Kuna watu wanataka kujaziwa fomu."

"Basi msalimie," Mama akasema. "Mwambie sijamkasirikia."